Moshi wa Nairobi una mitaa yake

Panda matatu Dandora, mashariki ya Nairobi, asubuhi, shuka town, panda nyingine ya Karen, mtaa wa wenye pesa upande wa magharibi, na hio njia yote usishike simu, fuata pua yako tu. Kule ulikotoka kuna harufu ya plastiki inayoungua polepole, watu wa pale hata hawaisikii tena, iko kwa nguo zilizoanikwa, iko kwa shuka, iko kwa chai. Ukifika town ni dizeli. Ukifika Karen ni miti na nyasi iliyokatwa jana. Kaunti ni moja, gavana ni mmoja. Mimi nilifanya hio safari miaka kadhaa manake kazi ilikuwa huko na nyumba ilikuwa huku, na nilianza kugundua kwamba kifua kinafunguka mchana nikiwa kazini alafu kinabana tena usiku nikiwa nyumbani, na Jumapili nzima nikishinda mtaani ndio nakohoa zaidi.

Watu wengi wakiongea kuhusu hewa chafu wanaiongelea kama mvua, yaani kitu kinachomnyeshea kila mtu. Nataka kuonyesha kwamba haiko hivyo, kwamba moshi una watu wake na una mitaa yake, na kuna sababu zinazoeleweka kabisa, nyingine ni za sayansi, nyingine ni za mipango ya mji, nyingine ni za bei ya gesi.

Tuanze na moshi wenyewe. Ule mweusi wa lori unaouona kwa macho unaudhi lakini sehemu yake kubwa pua inaweza kupambana nayo, vumbi kubwa linanaswa na kamasi, unapiga chafya linatoka. Shida kubwa ni chembechembe ambazo huzioni, zile wataalamu wanaita PM2.5, manake upana wake ni maikromita 2.5 kushuka chini. Unywele mmoja wa kichwa chako uko kama maikromita 70, kwa hivyo unaweza kupanga karibu chembe 30 za hizo kwa upana wa unywele mmoja. Kitu kidogo hivyo pua haikiwezi. Kinapita koo, kinapita mirija, kinafika kwa vifuko vya mwisho vya mapafu pale ambapo hewa na damu hukutana, na zile ndogo zaidi zinaingia kwa damu kabisa. Mwili unaona kuna mgeni unaanza kujitetea, na huko kujitetea kila siku kwa miaka ndiko kunakoharibu mishipa, inakakamaa, mafuta yanajishika ndani, damu inaganda kirahisi.

Ndio maana hapa kuna kitu kinachowachanganya watu wengi. Tunadhani hewa chafu ni ugonjwa wa kifua. Lakini Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipopiga hesabu ya mwaka 2019, katika vifo kama milioni 4.2 vinavyotokana na hewa chafu ya nje, karibu asilimia 68 vilikuwa vya moyo na stroki. Nimonia, kansa ya mapafu na yale magonjwa ya kukosa pumzi yaligawana hio iliyobaki. Sasa fikiria mama wa miaka 58 ambaye ameuza mahindi choma kando ya steji miaka 30, moshi wa jiko mbele yake, ekzosi za matatu nyuma yake. Siku moja anaanguka, upande mmoja umekufa. Familia itasema ni presha, wengine watasema ni mawazo, na kuna watakaosema amefanyiwa. Daktari ataandika stroki na hatakuwa amekosea. Hakuna atakayeandika moshi.

Kuna takwimu nyingine inapendwa sana, kwamba asilimia 99 ya watu duniani wanavuta hewa iliyopita kiwango cha WHO. Ni kweli, na hio inatokana na kiwango chenyewe kukazwa mwaka 2021, kutoka maikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo hadi 5 kwa wastani wa mwaka. Lakini mimi naona hio 99 inaficha zaidi ya inavyoonyesha. Mtu anayevuta 8 yuko ndani ya hio 99, na anayevuta 80 pia yuko ndani, wote wanahesabiwa pamoja kama abiria wa basi moja. Ukitaka kujua ni nani anayelipa angalia vifo, hapo asilimia 89 ya vifo vya hewa ya nje viko kwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Na ndani ya hizo nchi, ukishuka hadi kwa mji, alafu ushuke hadi kwa mtaa, bado unaikuta hio tofauti, na hapo ndipo mambo yanakuwa ya kuuma kweli.

Kwa Nairobi lazima urudi kwa reli. Reli ilifika hapa 1899, mji ukaota kando yake, na wakoloni wakaugawa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walichukua upande wa magharibi na kaskazini, kwenye miinuko, udongo mwekundu, miti mingi, viwanja vya ekari kadhaa kwa nyumba moja. Wahindi wakapewa sehemu zao kama Parklands. Waafrika wakapangwa mashariki, kwenye tambarare la udongo mweusi, karibu na reli na karibu na viwanda, ili mfanyakazi atembee kwa miguu hadi kazini asubuhi. Plani kuu ya mwaka 1948 ikaja kuuchora mji kwenye ramani kwa mpangilio wa namna hio hio, viwanda kule, mitaa ya wafanyakazi kando yake. Kwa hivyo Industrial Area kuwa karibu na Eastlands, yaani ile mitaa ya mashariki, haikutokea kwa bahati, iliandikwa.

Uhuru ulipokuja ile sheria ya rangi ikaondoka lakini kodi ya nyumba ikaendelea na kazi ile ile. Angalia Mukuru, yaani Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, ni mabati yaliyobanana katikati ya viwanda na juu ya ardhi ambayo watu wengi hawana karatasi yake. Hakuna aliyeamka akasema nataka kuishi nyuma ya kiwanda cha rangi au cha plastiki. Alisema nataka nyumba ya shilingi elfu tatu na nisilipe nauli. Mwaka 2017 kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalum, na uchafuzi wa mazingira ulikuwa moja ya sababu zilizotajwa, manake hali ilikuwa imeshafika mahali ambapo hata serikali haingejifanya haioni.

Na hii si Nairobi peke yake, nisije nikaonekana namlaumu mkoloni kwa kila kitu. Uingereza upepo mara nyingi unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hivyo zamani za makaa ya mawe moshi wa viwanda ulikuwa unasukumwa mashariki ya mji. Waliokuwa na pesa wakahamia magharibi, maskini wakabaki mashariki na moshi. Kuna wanauchumi walioangalia miji 70 ya huko wakakuta kwamba hata baada ya moshi wenyewe kuisha, zile sehemu zilizopata moshi wakati wa viwanda zimebaki kuwa za maskini hadi leo. Moshi uliondoka lakini mpangilio ulibaki. Mimi hio ilinishtua zaidi ya kitu kingine chochote nilichosoma kuhusu haya mambo.

Turudi Dandora. Lile jaa la taka lilifunguliwa miaka ya 1970, na mwaka 2001 likatangazwa kwamba limejaa. Hio ni zaidi ya miaka 20 iliyopita na malori bado yanamwaga. Pale taka zinaungua zenyewe, gesi inatoka chini, moto unafuka siku nyingi bila kuzimika, alafu kuna waya zinachomwa ili kupata shaba, kuna betri, kuna vifaa vya hospitali. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Nairobi kule Gigiri, lilitoa utafiti uliopima watoto 328 wa maeneo yale, na karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kufikia au kupita kiwango kilichokuwa kinakubalika wakati ule. Tangu hapo WHO wameshasema hakuna kiwango cha risasi kwa damu ya mtoto ambacho ni salama. Risasi inaenda kwa ubongo. Mtoto anakuwa mzito kushika masomo, anakosa utulivu, alafu mwalimu anamwita mtundu na mzazi anamchapa. Julai 2021 mahakama ya mazingira iliamuru jaa lifungwe ndani ya miezi sita. Hesabu mwenyewe hio miezi sita iliisha lini.

Mombasa nao wana yao. Owino Uhuru ni kijiji cha kama watu 3,000, na mwaka 2007 kikawekwa ukutani mwao kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Moshi ukaingia nyumbani, maji machafu yakapita njiani watoto wanapochezea. Phyllis Omido alikuwa anafanya kazi kwa hicho kiwanda, mtoto wake mdogo akawa mgonjwa asieleweke anaumwa nini, alipopimwa akakutwa na risasi. Aliacha kazi akaanza kupigana, akakamatwa, akatishwa, hakuacha. Kiwanda kilifungwa 2014, yeye akapata tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira 2015, na Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka 17 kutoka siku kiwanda kilipoanza. Mtoto aliyekuwa ananyonya wakati ule ni mtu mzima sasa, na ile risasi haikumngojea jaji.

Hadi hapa unaweza kudhani hii ni shida ya mji. Lakini sehemu kubwa ya moshi unaoua watu Afrika hautoki kwa kiwanda wala kwa gari, unatoka kwa mafiga matatu. WHO inakadiria watu milioni 3.2 walikufa mwaka 2020 kwa sababu ya moshi wa ndani ya nyumba, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Sensa ya Kenya ya 2019 ilionyesha kama asilimia 55 ya kaya zinapikia kuni, na gesi ilikuwa kama asilimia 24, na hio ya gesi nyingi iko mijini. Kwa hivyo mtu wa kijijini ana hewa safi sana nje, anasifiwa kabisa na wageni kwamba hewa ya ushago ni tamu, alafu mama anaingia jikoni kwa kibanda kisicho na dirisha anakaa saa nne kwa siku na mtoto mgongoni. Mzee yuko nje chini ya mti anasikiliza redio. Nyumba moja, chakula kimoja, mapafu tofauti. Hapo tofauti imetoka kwa mtaa imeingia kwa ndoa.

Watu husema wapewe gesi, na mimi nakubali, lakini angalia serikali yetu ilivyocheza na hio gesi. Mwaka 2016 VAT, kodi ya ongezeko la thamani, iliondolewa, watu wakanunua mitungi. Julai 2021 ikarudishwa, asilimia 16. Mwaka ulipofuata mtungi wa kilo 13 ukapita shilingi 3,000 kuujaza. Julai 2022 kodi ikashushwa hadi 8, Julai 2023 ikatolewa tena. Huwezi kumwambia mama wa kijijini ahame kwa kuni kama hajui mwakani gesi itakuwa bei gani. Na kuna jambo lingine watu wa ofisini hawalielewi, maskini hanunui mwezi, ananunua leo. Makaa ya kasuku moja anapata, mafuta ya taa ya robo anapata, lakini gesi inataka umwage pesa yote mara moja. Ukipiga hesabu ya mwezi unakuta pengine makaa yamemgharimu zaidi, lakini hakuna siku hata moja ambayo alikuwa na hio pesa yote mkononi.

Tanzania wameingia kwa nguvu kidogo, mkakati wao wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya watu, na walianza na taasisi, shule na magereza na kambi zinazolisha watu zaidi ya 100 zikaambiwa ziache kuni na mkaa. Kuanza na taasisi naona ni akili, manake mpishi wa shule ni mtu anayevuta moshi wa sufuria za watu mia tano.

Sasa hapa kuna fundo ambalo ni gumu na ningeomba usiliruke. Kule Malawi walifanya utafiti mkubwa, zaidi ya watoto 10,000, wakagawa majiko bora yanayotoa moshi kidogo ila bado yanatumia kuni, matokeo yakatoka 2016 na nimonia ya watoto haikupungua. Baadaye ukaja utafiti mwingine uliofanyika nchi nne, Rwanda ikiwa moja, pamoja na India, Peru na Guatemala, wajawazito kama 3,200, nusu yao wakapewa gesi bure kabisa. Moshi ulishuka sana kwa waliopewa. Lakini uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa maana, na nimonia pia haikushuka vya kutosha. Kuna watu walisoma hapo wakasema basi moshi wa jikoni ulikuwa unasingiziwa.

Mimi sioni hivyo, na sababu moja ni umbo la madhara yenyewe. Madhara hayapandi kama ngazi, hatua moja ya moshi hatua moja ya ugonjwa. Yanapanda kama mlima ambao mwanzoni una mwinuko mkali alafu juu umelala tambarare. Mtu anayetoka maikrogramu 5 hadi 30 anapanda ule mwinuko wote. Anayetoka 150 hadi 300 anatembea tu huko juu, tayari ameshaumia. Sasa ukimshusha mtu kutoka 300 hadi 100 umefanya kazi kubwa sana lakini mwili wake bado uko kule kule juu ya mlima. Ili aone faida lazima ashuke hadi chini, na hawezi kushuka hadi chini peke yake manake jirani bado anapika kwa kuni, kiwanja cha nyuma wanachoma taka, na mapafu yake yalishavuta miaka 20 kabla ya kupata hio mimba. Kusafisha jikoni moja moja ni kama kukojoa kwenye kona moja ya bwawa na kusema kona nyingine ni safi, hewa haina kona. Lazima kijiji kizima kihame, na kikae miaka. Na hio hesabu ina ukatili wake, manake inamaanisha mji tajiri ukitoa maikrogramu chache tu unaokoa watu wengi, na mtaa maskini ukitoa nyingi unaona matokeo madogo, alafu wafadhili wanachoka wanaondoka kabla hamjafika kwenye mwinuko.

Magari nitayapitia haraka. UNEP ilihesabu kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Japan na Marekani, na asilimia kama 40 yalikuja Afrika. Hapa kwetu Kenya gari haliingii likipita miaka 8, Uganda ni 15, Tanzania gari kuukuu linaingia ila linatozwa ushuru zaidi. Kwa upande wa mafuta Afrika Mashariki ilifanya vizuri, mwaka 2015 dizeli yetu iliwekewa mwisho wa sehemu 50 za salfa kwa milioni, ilhali wakati huo Ghana na Nigeria bado walikuwa wanaruhusu 3,000. Ulaya ni 10. Kwa hivyo hata salfa inayotoka kwa bomba la matatu inategemea umezaliwa upande gani wa mpaka.

Na moshi ukiwa ule ule, miili si ile ile. Mtoto anapumua haraka kuliko mtu mzima na kimo chake kiko karibu na ekzosi. Mwenye lishe duni, mwenye TB ya zamani, mwenye virusi vya ukimwi, hawa wote wanaanza safari wakiwa wamechoka. Mtoto wa Karen mwenye pumu ana inhela mbili, moja kwa begi moja kwa kitanda. Wa kwetu anapelekwa usiku kwa boda, anapigwa nebulaiza, anapumua, alafu saa kumi alfajiri anarudishwa kwa nyumba ile ile iliyomleta.

Jambo la mwisho ni vipimo, na kwangu hili ndilo linalobeba mengine yote. Mwaka 2013 huko London mtoto wa miaka tisa anaitwa Ella Kissi-Debrah alikufa kwa pumu. Alikuwa anaishi Lewisham karibu na barabara kubwa yenye magari mengi. Mama yake, Rosamund, alipambana miaka saba, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo akaamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake, mtu wa kwanza Uingereza kuandikiwa hivyo. Aliwezaje? Kulikuwa na mashine ya kupima hewa kama maili moja kutoka nyumbani kwao, imerekodi miaka yote, na profesa wa magonjwa ya kifua, Stephen Holgate, akaweka tarehe za kulazwa kwake kando ya zile rekodi zikaongea zenyewe.

Mama wa Korogocho, mtaa ulio kando ya lile jaa la Dandora, ana kadi ya kliniki yenye tarehe hizo hizo za kulazwa. Hana karatasi ya pili ya kuweka kando yake. Kwa miaka kadhaa miji mingi ya Afrika ilitegemea mashine zilizowekwa kwenye balozi za Marekani, ambazo ziko mitaa gani unajua, na Machi 2025 Wamarekani wakaacha kutoa hizo data kwa umma. Kilichobaki ni kazi za watu wetu wenyewe. Kampala pale Chuo Kikuu cha Makerere kuna timu ya AirQo, tangu 2015 wanaunda vipimo vya bei nafuu vinavyovumilia vumbi na stima kupotea, na baadhi walivifunga kwa boda boda, kwa hivyo jamaa anabeba abiria kama kawaida, anapita nyuma ya soko, anapita kando ya kiwanda, anaingia vichochoro ambavyo hakuna ubalozi, na kila anapopita namba inaandikwa.